Jiwe Ambalo Halikutakiwa Kung'aa

Alhamisi ile tulipomzika Fundi Okemwa kule Nyansiongo, mtoto wake wa kwanza, Onchari, alisoma karatasi ya maisha ya marehemu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyekaa ofisini miaka mingi. Alisema baba yake alikuwa mkulima, mfugaji, mzee wa kanisa. Alitaja mpaka ng'ombe mmoja kwa jina. Redio hakuzitaja, wala plastiki, wala kile chumba cha maziwa ambacho nilifanyia kazi mwaka mzima nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Simlaumu. Mwaka ule yeye alikuwa shule ya bweni, na akija likizo alitukuta tunanuka moshi, akapita mbali. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya hema kwenye kiti cha plastiki, na badala ya kusikiliza nilikuwa napapasa mkono wa kile kiti kujua kilitengenezwaje. Hicho hakikuvutwa kwa hewa, plastiki yake ilisukumwa ndani ya umbo la chuma. Ukipitisha kidole kwa chini utapata alama. Hiyo tabia ya kupapasa vitu hadharani nilipewa na marehemu, na imeniaibisha mahali pengi. Kwa hivyo nitaandika yale ambayo karatasi iliruka. Shule niliacha darasa la nne. Herufi amenipangia mjukuu wangu, lakini maneno ni yangu, hata yale ambayo yeye anasema hayafai kwenye kitabu.

Okemwa alikuwa fundi wa redio. Watu walimletea kutoka Keumbu na hata kutoka Kenyenya, redio zimefungwa kwenye leso kama mtoto mgonjwa. Halafu macho yakaanza kumwisha. Kwanza aliacha kuona gizani, kisha akaacha kuona pembeni, mwishowe ikawa kama mtu anayechungulia kwa tundu la ufunguo, na mwaka nilioenda kwake hilo tundu nalo lilikuwa linazibwa. Alijua mchana na usiku, basi. Waya alizijua kwa vidole, na risasi ya kuungia waya ikiyeyuka aliijua kwa harufu. Ncha za vidole vyake zilikuwa na madoa ya kuungua kama ndizi iliyoiva sana. Mke wake, Mama Nyanchera, alitaka aache. Hakuwa mwanamke mbaya. Alitaka mume akae barazani aote jua, aletewe chai, asijichome. Na chumba alikuwa anakihitaji, kwa sababu kila mwaka mahindi yalikuwa yanakosa pa kukaa na panya wanakula. Wakapatana hivi: Okemwa atumie chumba mpaka mavuno. Mahindi yakikauka shambani na kazi ya maana haijaonekana, vifaa vinafungwa gunia, mahindi yanaingia, na yeye anatoka barazani. Yeye mwenyewe aliniambia, "Moraa, mimi nashindana na mahindi. Na hiyo kitu hailali, inakua tu."

Kazi ya maana ilikuwepo, ilikuwa moja tu. Mwalimu fulani wa shule ya watoto wasioona alikuwa amekuja kumuuliza kama anaweza kutengeneza redio ambazo mtoto atatafuta stesheni kwa kidole, bila kuuliza mtu. Okemwa alikuwa amejaribu kwa kasha la mbao, akapigilia misumari midogo kuzunguka kitufe cha stesheni. Mvua ya kwetu mnaijua. Mbao ilifura, misumari ikatoka, mende wakahamia ndani kwa sababu ya joto. Sasa alitaka kasha la plastiki, la kipande kimoja, lenye vipele kumi na viwili kama saa vilivyozaliwa na kasha lenyewe, ambavyo haviwezi kung'oka. Mwalimu alisema aletewe moja kwanza, ikiwa nzuri atachukua kumi na mbili za darasa zima. Viwanda vya plastiki vilikuwa mbali, na sisi hatukuwa watu wa kwenda kugonga mlango huko. Okemwa alisema kiwanda ni moto, hewa na umbo. Moto tunao, hewa iko bure. Umbo ndilo lililomleta kwetu Tabaka.

Alikuja kwa binamu yangu Nyamweya, mchongaji wa mawe ya sabuni, yale mawe laini ya kwetu, akamwambia anataka bakuli la pembe nne, na kwenye sakafu ya lile bakuli vishimo kumi na viwili, na katika kila kishimo tundu ndogo kama ya sindano inayotokea chini. Plastiki ikilainika kwa moto itawekwa juu, hewa ya bakuli itanyonywa kupitia zile tundu, plastiki itazama na kushika umbo la jiwe. Nyamweya aliuliza ni bakuli la kula nini hilo linalovuja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye beseni la maji na wanawake wengine, tunasugua mawe kwa msasa, kazi niliyoijua tangu nikiwa mdogo. Okemwa akapita akipapasa yale tuliyomaliza, akashika langu, akauliza ni la nani. Wanawake wakanicheka, wakasema ni la huyu asiyejua kunyamaza. Akasema anataka huyo huyo, kwa sababu anahitaji mtu mwenye macho na vidole, na mdomo atauvumilia. Hivyo ndivyo nilivyotoka Tabaka na jiwe kichwani, na mkebe wa nta ndani ya mzigo wangu. Huo mkebe ukumbukeni.

Chumba kilikuwa cha Mzungu zamani. Shamba lilipogawanywa, kipande cha Okemwa kiliangukia pale Mzungu alipokuwa anapozea maziwa: sakafu ya saruji yenye mfereji katikati, dirisha moja refu, na harufu ya maziwa yaliyolala ambayo haikuisha hata tukichoma makaa mchana kutwa. Nililala kwa jikoni ya Mama Nyanchera na watoto wa kike. Huyo mama alikuwa ananilisha mpaka leo nikikumbuka naona haya. Chinsaga, mboga zetu chungu, alizipika jioni, zikalala kwenye chungu na maziwa, siku ya pili uchungu umepungua, akazileta na ugali wa wimbi na kusema, "Kula, ufukuzwe ukiwa na nguvu." Alisema hivyo kila siku bila kucheka, na mimi nilikula kila siku bila kujibu. Ijumaa jua likianza kushuka alisimama mlangoni akakohoa mara moja, na hapo hata kama plastiki iko motoni, kazi imekwisha mpaka Jumamosi jioni. Wao walikuwa Wasabato, na mimi Mkatoliki nilipata siku mbili za kupumzika kila wiki, na sikuona sababu ya kulalamika.

Sasa mashine. Pampu ya baiskeli inasukuma hewa, hiyo kila mtu anajua. Ukiifungua, ndani kuna kikombe kidogo cha ngozi. Ukikigeuza kikaangalia upande wa pili, na ukaweka kipande cha raba mdomoni kuzuia hewa isirudi, pampu inaanza kunyonya. Okemwa aligeuza mbili. Tukaziunganisha na debe la mafuta ya taa, ili tulimalize hewa kwanza polepole, halafu tufungulie koki na debe limeze hewa ya bakuli kwa mara moja. Nyamweya alikuwa amekuja kuona jiwe lake likifanya kazi, akashika pampu moja na mimi nyingine. Tulipofika kama mara themanini debe lilipiga kelele na kujikunja lenyewe kama mtu amelikalia. Nyamweya alikimbia mpaka shambani. Okemwa, ambaye hakuona kitu, aliuliza tu, "Limekufa?" Nikasema limekufa. Tukatumia mkebe wa maziwa wa Mzungu, ule wa bati nene wenye mabega, na mfuniko tukauwekea raba ya tyubu ya trekta. Huo haukujikunja hata siku moja. Ninao hadi leo.

Plastiki tulipata kwa friji. Mzungu aliacha friji iliyokufa, na kuku wa Mama Nyanchera walikuwa wakitagia ndani. Ngozi ya ndani ya friji ni plastiki nyeupe nzuri, na ilikatika vipande kumi na kimoja. Kipande kilibanwa kwenye fremu ya mbao kwa vibanio vya nguo na waya, kikawekwa juu ya sanduku la mabati lenye jiko la makaa chini. Kazi yangu ilikuwa kuangalia. Plastiki kwanza inatetemeka, halafu inanyooka kama ngoma, halafu inashuka katikati. Ikishuka vidole vitatu nilisema, "Tumbo," nikaigeuza haraka juu ya jiwe, na Okemwa aliyekuwa ameshika koki akafungua. Mkebe ukavuta pumzi, fuu, mara moja tu. Ukikawia kidogo, imepoa. Ukiharakisha, imetoboka.

Ilizama, hilo lazima niseme. Mara ya kwanza tulipiga makofi. Lakini ilipotoka ilikuwa imeviringana kama sufuria ya mtoto, bila pembe, na pale kwenye vipele palikuwa laini kama tumbo la samaki. Tukairudisha motoni ikajinyoosha tena, tukajaribu, ikawa hivyo hivyo, na mara ya tatu ikatoa malengelenge tukaitupa. Tulilaumu pampu, tukabadilisha ngozi, ya ng'ombe kwa ya mbuzi, tukaipaka mafuta. Tulilaumu raba na makaa. Nyamweya alilaumu friji ya Mzungu. Wiki zikapita, vipande vikawa saba, vikawa vitano. Kila nikienda kisimani niliangalia shamba. Mahindi yalikuwa yameshafunga nywele, kisha nywele zikawa kahawia. Jioni moja nilimsikia Mama Nyanchera jikoni akimwambia dada yake kwamba mzee ameanza kuongea usingizini, anahesabu vipele. Dada akasema amfungie tu chumba, macho yamekwisha na akili inafuata. Mama Nyanchera akasema, "Nilimpa mpaka mavuno. Sitamnyang'anya siku hata moja." Mwaka mzima nilikuwa namwogopa huyo mama, na ni usiku ule tu nilielewa kwamba alikuwa anatuombea.

Vilipobaki vipande vitatu, Okemwa alimgeukia Nyamweya. Alisema tundu hazikutobolewa vizuri, kwamba mchongaji wa Tabaka anajua kutengeneza sanamu ya kiboko ya kuuzia watalii, basi. Alisema maneno mengine ambayo mjukuu ameyaondoa na mimi nimekubali. Nyamweya alikuwa ametoboa kila tundu kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, siku nne nzima. Alichukua koti lake, akaniambia kwa Ekegusii nimsalimie mzee akipata heshima, akaondoka. Tukajaribu mara nyingine wawili tu, na kipande kimoja kikaharibika kabisa. Vikabaki viwili, na kule shambani watu walikuwa wameanza kukata mahindi.

Siku ya pili yake, Alhamisi kama siku tuliyomzika, Okemwa alisema anataka kubaki peke yake na jiwe. Nilienda kuchuma mboga. Nikarudi nikamkuta amepiga magoti kwenye saruji, pua yake iko ndani ya bakuli, ananusa kama ng'ombe anayenusa ndama asiye wake. Aliuliza bila kuinuka, "Moraa, kanisa lenu la Tabaka lina sakafu gani?"

Nikamwambia ya saruji nyekundu.

"Mnaisugua kwa nini?"

Nikasema kwa nta, kila Jumamosi.

"Na hili jiwe nalo lina ibada lini?"

Hapo moyo wangu ukaanguka mpaka kwenye mfereji. Nitaeleza, kwa sababu mtu wa kwingine hataelewa. Kwetu jiwe haliendi kwa mtu likiwa na vumbi. Likitoka kwa msasa linapashwa joto, linapakwa nta, linasuguliwa kwa kitambaa mpaka ujione. Ukiliacha bila kung'aa wanawake wenzako watauliza mama yako ni nani. Na mimi kila asubuhi, kabla Okemwa hajaja, nililiweka lile bakuli karibu na jiko lipate moto, nikalipaka nta kutoka kwa mkebe wangu, nikalisugua. Hakuna aliyenituma. Niliona ni heshima, na niliona ndiyo sehemu yangu peke yangu katika ile kazi. Plastiki ya moto ikigusa jiwe, nta inayeyuka, inakimbilia mahali pa chini, na mahali pa chini ni zile tundu. Ikipoa, imeziba. Sisi wenye macho tuliona jiwe zuri. Miezi miwili tulikuwa tunavuta hewa kupitia mshumaa.

Aliuliza ni nani amelipaka. Nami nasema ukweli wote, kwa sababu umri huu sina wa kumficha: jina la Nyamweya lilifika mpaka kwenye ulimi. Alikuwa ameshatukanwa, ameshaenda, na tusi moja zaidi halingemkuta barabarani. Nikaona nikisema ni mimi, kesho niko kwenye beseni Tabaka, na huyu mzee yuko barazani kwa sababu yangu. Nilikaa chini kwenye saruji.

"Ni mimi," nikasema.

"Kila siku?"

"Kila siku, Fundi."

"Na lilikuwa linang'aa?"

"Lilikuwa linang'aa sana."

Alikaa na mikono juu ya jiwe. Nilingoja kufukuzwa. Nilikuwa hata nimeshahesabu nguo zangu. Halafu akasema, "Chemsha maji. Na tukimaliza hii kazi, mimi na wewe tunaenda Tabaka kwa miguu ikibidi, kwa sababu kuna mtu nilimwita mjinga na mjinga alikuwa hapa ndani, wawili." Ni hayo tu. Hakuyarudia siku nyingine yoyote, hata alipokuwa amekasirika, na alikuwa mtu wa kukasirika kila wiki.

Tulimwaga maji ya moto na mafuta ya taa mpaka jiwe likawa na rangi ya kijivu ya mtu mgonjwa. Kuzibua tundu nilihitaji sindano. Nilienda kwa Mama Nyanchera na nikamweleza yote, hata ya nta, kwa sababu nikishaanza kusema sijui kusimama. Alinitazama, akafungua kopo lake akanipa sindano aliyoshonea nguo za kanisani. Nilizibua kumi na moja. Ya kumi na mbili, katika kishimo cha nne, sindano ilikatikia ndani na ncha ikabaki, na imebaki mpaka leo.

Kesho yake, Ijumaa, tulichoma kipande cha kumi kikatoboka. Ilikuwa haraka yangu, nilisema tumbo kabla ya wakati. Kikabaki kimoja. Jua lilikuwa limeshapita juu ya mti unaotupa kivuli mlangoni, na kwenye baraza magunia ya kwanza ya mahindi yalikuwa yamefika. Mama Nyanchera alikuja na mojawapo mgongoni. Alisimama mlangoni. Tulidhani atakohoa. Alitazama mkebe, akatazama mimi na pampu moja mkononi na nyingine imelala kwa sababu Nyamweya hayupo, akauliza, "Hii inavutwaje?" Nikamwonyesha. Akateremsha gunia nje, akafunga leso kiunoni, akashika pampu ya pili. Alivuta kuliko Nyamweya. Mkebe ulipojaa utupu niliangalia plastiki kwa macho yote niliyonayo na yale ambayo mzee hakuwa nayo. Ikatetemeka, ikanyooka, ikashuka. "Tumbo." Fuu.

Nilingoja ipoe, nikaitoa, nikampa Okemwa mikononi. Alianza kwa pembe. Pembe nne zilikuwa kali kama za kitabu. Kisha kidole kikaingia katikati kikaanza kuzunguka, na yeye akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akasimama. "Wa nne yuko wapi?" Nikamwambia ya sindano. Alipitisha kidole pale palipo laini, mara mbili, akaendelea mpaka kumi na mbili, na akarudi tena mwanzo kama mtu anayesoma barua. Mama Nyanchera alimtazama akihesabu. Halafu alitoka nje, akainua lile gunia, na badala ya kuliingiza akalipeleka kwenye chumba chake cha wageni, chenye vitambaa vyake vya kufuma. Mwaka ule mahindi yalilala kwa wageni na wageni walilala popote. Kisha akarudi mlangoni akakohoa.

Mwalimu alichukua redio zote kumi na mbili, na zote zilitoka kwenye lile jiwe, zote bila kipele cha nne; plastiki ya zile nyingine tuliitafuta kwa friji nyingine zilizokufa. Tabaka tulienda, na Okemwa aliomba msamaha mbele ya wanawake wote wa beseni, jambo ambalo Nyamweya alilisimulia mpaka alipokufa. Chumba kilibaki karakana kwa miaka mingi. Mimi nilifungua yangu Keumbu, navuta vifuniko vya mashine za kuangulia vifaranga na makasha ya kila namna. Siku hizi natumia mashine ya kufagilia mazulia kunyonya hewa na koili ya umeme badala ya makaa, lakini bado nasema tumbo, na vijana wangu wanacheka.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini siku ya mazishi, watu walipokuwa wanapanga mstari wa kula, alikuja mzee mmoja ameshikwa mkono na binti yake, jina lake Barasa, ametoka mbali. Alikuwa anauliza ni wapi alipo mtu aliyefanya kazi na fundi. Wakamleta kwangu. Alitoa redio kwenye mfuko wa sukari. Kasha lilikuwa limegeuka rangi ya siagi, limefungwa waya upande mmoja, lakini pembe zake zilikuwa kali. Nililipapasa pembe kwa pembe. Halafu nikaona lazima nimwambie, kwa kuwa imenikaa miaka yote hiyo. Nikamwambia samahani kwa pale pa nne. Nikamwambia ni nta yangu na ni sindano iliyokatika.

Hakuelewa ninaomba msamaha wa nini. Alichukua kidole changu, akakiweka pale palipo laini.

"Mama," akasema, "vipele vyote vinafanana. Ukiwa mtoto na huoni, utajuaje umeanzia wapi? Sisi shuleni tulianzia hapa penye upara. Darasa zima. Tulidhani fundi aliacha makusudi kwa sababu yeye pia haoni."

Nilimwacha aendelee kudhani hivyo juu ya Fundi. Nilimshika mkono, nikampeleka kwa Mama Nyanchera, ambaye sasa ni mzee sana na amekaa barazani, mahali pale pale alipotaka kumkalisha mume wake, na nikamwekea redio mapajani. Akaipapasa polepole. Alipofika pa nne alisimamisha kidole, akaniinulia uso.

"Hapa ni sindano yangu," akasema.